Shokapu za Mama Mkwe

Katika miaka yote niliyofanya ufundi wa pikipiki hapa Tarime, kazi moja tu niliifanya kwa kubahatisha, na hiyo ilikuwa ya mama mkwe wangu. Nyingine zote nilipima. Waulize watu wa Turwa, waulize hata wale wasionipenda kwa sababu ya mdomo wangu, watakwambia: yule fundi ana kelele, lakini anapima.

Nieleze kwanza ninachopima, maana bila hilo hutanielewa. Pikipiki ina miguu miwili ya mbele iliyoshika tairi, ndiyo tunaiita shokapu. Ndani ya kila mguu kuna springi ndefu na mafuta. Springi inabeba uzito, mafuta yanaizuia isirukeruke. Watu wanadhani kazi ya vitu hivi ni kulinda makalio ya dereva. Wapi! Kazi yake kubwa ni usukani. Mbele pakiwa laini mno, ukishika breki pikipiki inainamisha pua, na usukani unakuwa mwepesi ghafla, ukigusa kidogo umeshageuka. Mbele pakiwa pagumu mno, pikipiki inasimama juu kama jogoo, tairi haling'ang'anii ardhi, na ukifika kwenye kona inagoma. Wewe unataka kushoto, yenyewe inataka kwenda ilikokuwa inakwenda. Kwenye lami unaweza usione tofauti. Kwenye barabara zetu za vumbi, penye vijituta vya mfululizo vilivyochongwa na malori, utaiona, tena vibaya.

Ugumu huo haumo kwenye chuma peke yake. Uko kati ya chuma na mtu anayekikalia. Springi inayomfaa bwana wa kilo tisini ni jiwe kwa binti wa kilo hamsini. Ndiyo maana nafunga kipande cha mpira wa tyubu kwenye ule mguu unaong'aa, nakishusha mpaka chini, halafu namwambia mwenye pikipiki apande akae kama anavyokaa siku zote. Namshika mabega, namkandamiza kidogo, namrekebisha kiuno, anashuka. Pikipiki inapanda juu, mpira unabaki palipofikiwa, nami naweka vidole kupima pengo. Vidole viwili ni sawa. Vitatu, mbele ni laini. Kidole kimoja, mbele ni pagumu kwa mtu huyo. Mpira siutoi, nauacha palepale ili mtu akitaka ajipime mwenyewe nyumbani.

Sikuzaliwa na akili hii. Ujanani nilibeba kwa pikipiki viroba vya mawe ya dhahabu kule Nyakunguru, viroba vitatu nyuma ya mgongo wangu, na wenzangu wakaniambia mura, yaani kijana, kaza shokapu za mbele, una mzigo. Nikakaza. Mzigo uko nyuma, mimi nakaza mbele! Mzigo ukakandamiza nyuma, mbele pakapanda, usukani ukawa unaelea mikononi mwangu. Siku moja niligeuza usukani na pikipiki haikugeuka. Niliingia kwenye shamba la migomba la mzee mmoja nikavunjika mfupa wa bega, na yule mzee alikuja akahesabu kwanza migomba yake kabla hajaniuliza kama niko hai. Tangu siku hiyo sikukubali kumfungia mtu shokapu bila kumkalisha na kumshika.

Na mama mkwe humshiki.

Huko nilikooa, ukishatoa ng'ombe, mama wa mke wako anakuwa mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono. Humtazami usoni. Mkikutana njia nyembamba unampisha huku ukiangalia migomba. Hamli chumba kimoja, na neno lako kwake linapitia kwa mtu mwingine, hata kama amesimama hapo na masikio anayo. Najua siku hizi vijana wa mjini wanakumbatiana na wakwe zao wakipiga picha za simu. Hiyo ni yao. Mimi nilikuwa nikisikia sauti yake tu, moyo unaruka, nainamisha kichwa. Haikuwa chuki. Nilimheshimu yule mama kuliko watu wote walio hai, na heshima yetu ndivyo inavyovaliwa.

Alikuwa daktari wa ng'ombe. Ndivyo walivyomwita, ingawa cheo chake cha serikali kilikuwa kingine kirefu. Alihudumia Nyamwaga na vijiji vya kando, na wakati mwingine alivuka Mto Mara mpaka upande wa Serengeti. Alipostaafu, wenye ng'ombe hawakukubali astaafu. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha fahali. Alipanda pikipiki akiwa amevaa suruali, juu yake kitenge, juu yake koti kubwa la kijani, na nyuma amefunga boksi la barafu lenye chanjo. Zamani wanaume walimcheka, mwanamke atamshika dume la watu pembe? Walinyamaza wenyewe baada ya ng'ombe zao kupona.

Silaha yake ilikuwa utepe. Ule wa kuzungusha kifuani kwa ng'ombe, nyuma ya miguu ya mbele, unasoma uzito wake. Siku tulipopeleka ng'ombe za mahari, wajomba zangu walimsifia dume mmoja mpaka mate yakawakauka. Kilo mia tatu huyu, wakasema. Mama akatokea nyuma ya nyumba, jambo ambalo wanawake hawalifanyi siku kama hiyo, akazungusha utepe, akasoma. "Mia mbili na arobaini," alisema. Wajomba wakavimba. Mmoja akauliza kama ng'ombe wao anakataliwa. "Nani amemkataa? Nataka kujua nimpe dawa ya minyoo kiasi gani. Ng'ombe hapimwi kwa macho. Ukimpimia kwa macho, dawa inakuwa sumu." Nilikuwa nimekaa na wenzangu nimeinamisha kichwa kama bwana harusi anavyotakiwa, lakini nilicheka moyoni, nikasema huyu ndiye mama wa mke wangu, mimi na yeye tutaelewana.

Tulielewana, kwa ile njia yetu ya kuzungukia. Yeye alileta pikipiki, mimi niliitengeneza, mke wangu alibeba maneno katikati.

Mwaka wa ile kazi ya kubahatisha mke wangu alijifungua kwa upasuaji, na kidonda kikasumbua. Mama yake alimkataza kabisa kusafiri. "Usiniletee mtoto mchanga kwenye vumbi hili," alikuwa akimwambia kwenye simu. "Nitakuja mimi." Lakini hakuja. Akifika mjini kuchukua chanjo alipiga simu kusema barafu inayeyuka, lazima awahi. Miezi ikaenda. Mke wangu alinung'unika, akasema mama yangu anawapenda ng'ombe kuliko mjukuu. Nilimtania kwamba ng'ombe hawalii usiku. Kumbe.

Mama mkwe akaja kwenye banda langu asubuhi moja, na jua lilikuwa limeshaanza kuwa kali. Nilisikia ule mlio wa pikipiki yake, nikasimama, nikaangalia chini. Alisimama ng'ambo ya uchochoro, kwenye kivuli cha kibanda cha mama lishe jirani yangu. Huyo jirani ni mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani zamani kwa biashara. Anapika chapati na maharage, ni mnene mwenye raha zake, na hana habari na mila zetu isipokuwa za kuzitania.

"Mwambie fundi," mama mkwe alimwambia jirani yangu, "mbele panagonga. Nikipita kwenye shimo inagonga chuma kwa chuma."

"Fundi, umesikia? Mkweo anasema panagonga," jirani akanipokezea, kana kwamba nilikuwa Mwanza.

Nilifungua. Springi zilikuwa zimechoka, mafuta yalikuwa yamevuja kwenye sili, ile mipira ya kuyazuia, mpaka yamebaki kidogo. Nikaweka springi mpya, sili mpya, mafuta mapya. Halafu ukafika wakati wa kupima, na mikono yangu ikasimama. Kumwambia mama mkwe apande pikipiki mbele yangu, nimshike mabega, nimkandamize, nimrekebishe kiuno? Bora kufa! Hata kumuuliza kilo zake kupitia mtu, ni neno la kumwambia mama wa mke wako hilo?

Ndipo nikapata ile akili yangu ya kipumbavu. Nilimtazama jirani yangu mama lishe. Unene ule ule, kimo kile kile. Nikamwita.

"Njoo ukalie pikipiki hii kidogo."

"Mimi? Nimekukosea nini?"

"Nataka uzito wako. Wewe na mama mko sawasawa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akafuta mikono ya unga, akapanda, akashika usukani kwa madaha. "Haya, leo nimekuwa mkwe wako! Mbona basi hunipigii magoti?" Watu wa uchochoro wakatoka kuangalia. Nilimsikia na mama mkwe akicheka kule kivulini, kicheko kifupi, kikakatizwa na kikohozi. Nikapima. Vidole vitatu. Nikakata vipande viwili vya bomba, kila kimoja kimefika nusu ya kidole gumba, nikaviweka juu ya springi ili zikazike zaidi. Nikampandisha tena. Vidole viwili, kamili kabisa. Nilijiona mjanja sana, nimempima mkwe bila kumgusa wala kumvunjia heshima.

Jirani alipokuwa anashuka alimgeukia yule mama. "Mama, kweli mimi na wewe tuko sawa?"

Nilisikia yule mama akilivuta koti lake. "Tuko sawa," mama mkwe alijibu. "Mwambie afunge."

Nikafunga. Akaenda na koti lake kubwa, katika jua lile la kukaanga watu. Jirani akabaki amesimama anamtazama mpaka alipokata kona. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, safari hii hakutania, "Fundi, mkweo amekonda. Au ni macho yangu?"

"Sisi hatumtazami mkwe," nilimjibu, tena kwa ukali.

"Basi mimi nimemtazama."

"Rudi kwenye chapati zako."

Nasema ukweli, ndivyo nilivyomjibu. Jioni mke wangu aliniuliza mama ana hali gani. Nikamwambia mzima kabisa, amecheka hata. Sikumdanganya kwa makusudi. Nilikuwa sijamwona. Nilikuwa nimeona viatu vyake na pindo la kitenge.

Ujumbe wa kwanza ulikuja baada ya wiki mbili. "Mama anasema usukani umekuwa mzito kwenye kona," mke wangu alisema huku akimnyonyesha mtoto. Nilikuwa nakula. Nikamwambia ni springi mpya, zitazoea. Huo ni uongo wa mafundi wote duniani. Kitu chochote tusichotaka kukirudia tunasema kitazoea.

Ujumbe wa pili ulikuja mwezi uliofuata. Mama anasema kwenye ule mteremko wa kwenda Mto Mara, penye kona, pikipiki inamtoa nje. Yeye anakunja, yenyewe inanyooka. Hapo ningetakiwa kushtuka, maana maneno yale nilikuwa nayajua mwilini mwangu, bega langu linayajua mpaka leo mvua ikitaka kunyesha. Lakini nilikuwa nimepima! Vidole viwili vilikuwa viwili. Nikasema apunguze upepo kwenye tairi la mbele, na apunguze mwendo, yeye si msichana tena. Mke wangu alinikasirikia kwa hilo la msichana, na ujumbe aliupeleka nusu, ule wa upepo tu.

Ujumbe wa tatu ulikuwa Jumatatu. Mke wangu alitoka nje na simu mkononi, amekunja uso kama mtu aliyepewa kitendawili.

"Mama anasema amejipima mwenyewe na ule mpira wako. Ameegemeza pikipiki ukutani, akapanda, akashuka. Anasema nikwambie ni kidole kimoja. Tena hakijai. Kidole gani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. "Mwambie mama apime ng'ombe, shokapu aniachie mimi."

"Amesema nikwambie hivyohivyo. Kidole kimoja. Amerudia mara mbili."

"Amekaa vibaya. Ukiegemeza ukutani ukuta unabeba uzito. Nitakwenda Jumamosi nione."

Hesabu yenyewe ilipita kichwani mwangu, nakiri. Ili shokapu zile zizame kidole kimoja tu, aliyezikalia lazima awe amepungua kilo nyingi sana. Wazo hilo lilikuja mpaka mlangoni kwangu, nikalitazama, na kwa kuwa lilikuwa la aibu, la kuufikiria mwili wa mama mkwe, nililifukuza. Nilidhani namheshimu. Jumanne nilikuwa na kazi, Jumatano nilikuwa na kazi, Alhamisi sikuwa na kazi yoyote, nilikaa tu na wenzangu tukibishana kuhusu mpira. Hiyo Alhamisi ndiyo inayoninyima amani.

Jumamosi nilifika kwake Nyamwaga mapema. Nikamkuta jirani yake akianika mahindi. Akasema daktari ameshaondoka, ameitwa na watu wa kule chini, kuna ndama wanahara. Nikageuza pikipiki yangu nikamfuata. Nilikuwa nimebeba spana na ile mipira yangu, nimepanga nimkute kwa wenye ng'ombe, nimwombe mtu amwambie akae pembeni, nitoe vile vipande vya bomba, dakika arobaini kazi imekwisha.

Kwenye mteremko, penye ile kona, kulikuwa na bodaboda wanne wamesimama. Boksi la barafu lilikuwa limepasuka na vichupa vya chanjo vimetapakaa kwenye majani. Alama ya tairi niliiona kabla sijamwona yeye. Sikuuliza kitu, maana alama ile ilikuwa inasomeka. Haikuyumba. Ilikuwa imenyooka kutoka kwenye vijituta, imeikata kona, imekwenda moja kwa moja mpaka kwenye mtaro. Alikunja usukani na pikipiki haikukunja.

Wale vijana walikuwa wamesimama mbali naye hatua kadhaa. "Ni daktari wa ng'ombe," mmoja aliniambia, machozi yanamtoka. "Amekataa tusimshike. Anasema tumwache apumzike kidogo."

Alikuwa amelala ubavu, koti limemfunika, uso ameuficha kwa kitenge. Nilipiga magoti. Chini ya pindo la kitenge aliviona viatu vyangu tu, na alinijua kwa hivyo viatu, kama mimi nilivyokuwa namjua kwa vyake.

"Wewe ni mkwe," alisema. "Tafuta mtu mwingine."

"Hakuna mwingine, mama. Hawa umewakataa."

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kumwambia yeye mwenyewe, bila mtu katikati. Gari dogo la abiria lilikuwa limesimama juu barabarani, dereva anatupungia mkono tuharakishe. Nikapitisha mkono mmoja chini ya mabega yake na mwingine chini ya magoti. Nilijipanga. Niliikaza mikono, nikakaza mgongo na miguu kwa ule uzito niliokuwa nimeupima, uzito wa jirani yangu mama lishe, nikavuta pumzi, nikanyanyua.

Alipanda juu upesi hivi kwamba nilitaka kuanguka nyuma.

Ndani ya koti lile hapakuwa na mtu mnene. Nilihisi mbavu, nilihisi uti wa mgongo, pingili moja moja. Nimebeba viroba vya mbolea vizito kuliko yule mama. Nikasimama palepale nimemshika, sijui hata nimesimama kwa muda gani, mpaka kijana mmoja akanisukuma akasema mura, twende.

Ndani ya gari nilimlaza mapajani kwangu kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Kitenge kilikuwa kimeanguka kutoka usoni mwake, na kwa mara ya kwanza nikamtazama. Mke wangu ana macho yale yale. Miaka tisa ya ndoa, sikuwa najua mke wangu amepata wapi macho yale.

"Haya, umenipima," alisema taratibu, bila hasira.

"Nisamehe mama."

Alifumba macho, akaniacha nimshike mkono mpaka hospitali.

Aliishi siku mbili. Mke wangu alifika na mtoto mgongoni, na mama alimtambua mjukuu, akamshika kidole cha mguu. Daktari wa watu alitueleza kwamba alikuwa anavuja damu ndani kwa sababu ya kuanguka, lakini pia alituuliza, kwa upole, kama tulijua mama alikuwa na ugonjwa wa tumbo wa muda mrefu. Alikuwa na kadi za matibabu kwenye mfuko wa koti, zimekunjwa ndani ya kitambaa. Alikuwa akienda mwenyewe, kwa pikipiki ile ile, anarudi anachanja ng'ombe. Sisi tulikuwa hatujui chochote.

Msibani mzee mmoja alisema, mficha maradhi, kilio humuumbua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliinuka nikatoka nje nisije nikamtukana mzee wa watu mbele ya maiti. Alificha wapi? Mwanamke aliyeweza kupimwa na kila mwenye macho, na jirani yangu wa chapati alimpima kwa kumtupia jicho mara moja! Wengine walinifariji kwamba angekufa tu, ugonjwa ule haukuwa wa kupona. Labda. Lakini angekufa kitandani. Ningeelewa ile Jumatatu, mke wangu angekwenda Nyamwaga siku hiyohiyo, kidonda kisingemzuia, na wangekaa pamoja miezi iliyobaki, au wiki, au hata siku hizo tano. Nilichomnyang'anya mke wangu ni hicho, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Pikipiki waliileta bandani kwangu. Shokapu zilikuwa zimepinda. Nilizifungua nikatoa vile vipande vya bomba, nikaviweka kwenye meza ya kazi, na vimekaa hapo mpaka sasa. Mteja akipanda pikipiki kupimwa, awe nani kwangu, mkubwa au mdogo, shangazi au mkwe, namwambia mapema: nitakushika. Ukiona aibu, nenda kwa fundi mwingine. Wako wanaoondoka wakinisema kwamba sina adabu. Waseme.

Arobaini ilipokwisha, mke wangu alikuja bandani mchana na mkoba wa kazi wa mama. Alikuwa ameshindwa kuufungua siku zote hizo. Ndani kulikuwa na sindano, utepe wa ng'ombe uliokunjwa vizuri, na daftari. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaanza kulifungua kurasa. Jirani yangu alituletea chai, akasimama karibu.

Kurasa zote zilikuwa za ng'ombe. Jina la mwenye ng'ombe, rangi ya ng'ombe, kipimo cha utepe, kiasi cha dawa. Mke wangu alikuwa anasoma kwa sauti, akitabasamu kidogo kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa na majina. Alipofika ukurasa wa mwisho sauti yake ilibadilika. Hapo hapakuwa na jina la mwenye ng'ombe wala rangi. Paliandikwa "Mimi", na chini yake vipimo vya utepe vya mwezi kwa mwezi. Alikuwa akijizungushia kifuani utepe wa ng'ombe, peke yake ndani ya nyumba. Kila mwezi kipimo kilikuwa kimeshuka. Vipimo vilikuwa saba.

Chini kabisa, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, mke wangu akasoma: "Pikipiki mbele, kidole kimoja, hakijai. Binti nimeshindwa kumwambia, ananyonyesha. Nimemwambia mkwe. Yeye anajua kupima, ataelewa."

Jirani yangu alichukua vikombe akaondoka. Mke wangu aliinua macho yake, yale ya mama yake, akanitazama.

"Ni mimi niliyekuletea," alisema. "Kwa mdomo wangu mwenyewe. Na wewe ukacheka."

"Nilicheka," nikasema.